Nta Chini ya Sahani

Ketini, ndugu zangu. Kwaya, ahsanteni. Mmeimba vizuri, ingawa ule ubeti wa tatu sauti ya pili mliuacha yatima, na Jumatano mtaurudia nikiwepo. Watoto wako nje na mwalimu wao, kwa hiyo leo nina nafasi ya kuwapa habari ndefu kidogo. Ni habari ya fundi mmoja aliyekuwa akijaza risasi.

Naona Mzee Ng'wandu ameinua kichwa. Tangu nihamie usharika huu sijawahi kumwona ameinua kichwa mapema namna hii. Mzee, nikuambie mapema: haya hayakutokea hapa kwetu. Yalitokea katika nchi moja ambayo serikali yake humpa mtu kibali, akaketi kwake na kuyajaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Hapa kwetu ukijaribu utalala ndani, na mimi sitakuja kukuwekea dhamana. Tumeelewana? Haya.

Basi kulikuwa na fundi huyo, na kazi yake ilikuwa hivi. Analetewa maganda matupu. Anayasafisha, anatia kitakoni fataki mpya, ile inayotoa cheche, anapima baruti, anaimimina ndani ya ganda, halafu anakaza kichwa cha risasi juu yake. Wateja wake walikuwa walinzi wa mashamba. Nchi ile ilikuwa na tembo, na mahindi yakianza kukomaa tembo wanajua kabla ya mwenye shamba. Kwa hiyo mlinzi hukaa juu ya dungu lake pembezoni mwa shamba, tembo wakija anapiga hewani, wanarudi porini, watoto wa watu wanakula mwaka huo.

Sasa katika kazi ile yote jambo ni moja, baruti. Baruti ikipungua, risasi inakwama katikati ya mtutu. Ikizidi, bunduki inapasuka. Na bunduki haimpasukii fundi, maana yeye yuko kwake anakunywa chai. Inampasukia aliyeilaza shavuni. Mama zangu, ninyi mnapika kwa kukadiria, na mkono wako unaujua. Chumvi ikizidi unaongeza maji kidogo, wageni wanakula na hawajui kitu. Baruti haiongezwi maji. Ganda likishafungwa limefungwa, na ukiyapanga mezani, lililozidi na lililo sawa yanafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Ndiyo maana fundi alikuwa na mizani. Ilikuwa ile ya zamani, yenye mkono wa chuma uliolala juu ya ukingo mwembamba, huku sahani ndogo, kule mawe ya kupimia. Unatia baruti punje kwa punje, mkono unapanda, unashuka, unapanda, nawe unangoja utulie. Na kama dirisha liko wazi unaweza kungoja mpaka ukasahau ulikuwa unapima nini. Mizani ile haikuwahi kumdanganya. Kosa lake lilikuwa kuchelewa, na fundi wetu alikuwa amechoka kuchelewa.

Akaenda mjini. Dukani akamkuta mama mmoja mwenye miwani, akamwambia, "Nataka mizani ya baruti, ile nzuri."

Yule mama hakuinuka. Akamuuliza, "Unafanyia kazi wapi? Meza yako inatikisika? Unafanya kazi feni ikizunguka? Simu yako huwa unaiweka wapi?"

Fundi akaona ameulizwa maswali ya polisi. Lakini yule mama alikuwa na sababu. Akamwekea mbili juu ya kaunta. Akasema hii ya mkono ni ya polepole, ila haitaki betri wala haisumbuliwi na simu. Na hii ya betri ni ya haraka, namba zinawaka zenyewe, lakini lazima uiwashe mapema ipate kutulia, uiweke mbali na upepo, simu ikae chumba kingine. "Zote mbili zinapima vizuri," akasema. "Wewe ndiye unayejua una moyo wa kutunza ipi."

Fundi katika maneno yote yale alisikia moja tu, haraka. Akachukua ya betri. Na mnisikilize hapa, sikumleta yule fundi niwaambie vitu vya betri ni vibaya. Hata hiki kipaza sauti ni cha umeme, na bila hiki Mama Ngolo pale nyuma angekuwa amesinzia. Kosa lake halikuwa pale.

Wakati anafunga mzigo, yule mama akamtolea kijiwe kidogo cha shaba, kama kifungo cha shati. "Hili ni jiwe lake," akasema. "Kila unapoanza kazi, na katikati ya kazi ukiinuka, liweke juu ya mizani. Mizani ikisoma uzito ulioandikwa juu ya jiwe, endelea. Isiposoma, simama hapo hapo."

Fundi akacheka. "Mama, mimi nimenunua mizani ili nipimie, au ili niipime yenyewe?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka, naye akafurahi kuwachekesha, akaondoka. Nyumbani mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, akakiona kile kijiwe akauliza cha nini. "Urembo tu wa dukani," akasema. Mkewe akakitia kwenye kopo lake la vifungo.

Muda si mrefu akaja shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Huyo alikuwa mlinzi wa mashamba ya kijiji kizima, mtu wa maneno machache. Akaacha mfuko wa maganda, akasema mahindi yanakomaa, akasema karibuni kwetu, akaenda zake. Fundi akakaa kazini.

Alianza na vichwa vya risasi. Alikuwa anavisugua nta ya nyuki kidogo ili viingie kwa ulaini, na ninyi mnaorina asali mnaijua nta. Ukiishika inakufuata. Unakwenda kula, imo kidoleni. Unamsalimia mkweo, imo kiganjani. Alipomaliza akafuta mikono kwenye suruali kama wanaume wanavyofuta, akaishika ile sahani ya mizani, na tonge dogo la nta, kama harage, likabaki limeganda chini ya sahani upande asiouona. Akaiweka sahani juu ya mizani. Mizani ikasoma uzito wa sahani pamoja na nta. Fundi akabonyeza kile kitufe cha kuirudisha mizani kwenye sifuri, na namba zikawa sifuri tupu.

Mizani haina hatia hapo. Imeambiwa, hiki kilicho juu yako kiite sifuri. Ikakiita sifuri. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Akaanza kupima. Na nawaambia, maadamu nta ilikuwa imeshikilia pale pale, risasi zake zilitoka sawa kabisa, maana nta ilikuwa ndani ya hesabu. Lakini saa sita ikafika, bati likawaka, nta ikalainika. Akainua sahani kumimina baruti kwenye ganda, nta ikadondoka ikajiviringisha nyuma ya boksi. Hakuiona. Akairudisha sahani tupu juu ya mizani, na sasa sahani ilikuwa nyepesi kuliko ile mizani iliyoambiwa ni sifuri. Mizani ikasema ukweli. Mbele ya namba kikatokea kijistari kidogo cha kutoa, kumwambia, bwana, hapa pamepungua kitu.

Fundi wakati huo simu ilikuwa begani, ameibana kwa sikio, anazungumza na mteja. Anamwambia, "Siku hizi kwangu mambo ni ya kisasa, ukileta asubuhi unachukua jioni." Akakiona kile kijistari. Sikilizeni vizuri, alikiona. Akadhani ni mkwaruzo kwenye kioo. Akakifuta kwa kidole gumba, hakikufutika, akaendelea kumimina.

Toka hapo kila risasi ikawa na baruti ya ziada, uzito wa lile tonge la nta. Kwa macho huioni. Kwa bunduki, nta ile ingetosha kumwacha mtu bila uso.

Akamaliza, akapanga risasi kwenye boksi, mkewe akalifunga kwa uzi mwekundu wa cherehani, akapiga fundo lake la kishonaji. Shemeji akaja akachukua, akaenda. Fundi akapumzika kwa amani kabisa, maana mtu asiyejua kosa lake hulala vizuri kuliko wote.

Siku zikapita. Jumamosi moja mchana, anafuta meza aanze kazi nyingine, kitambaa kikagonga kitu nyuma ya boksi la maganda. Akakiokota. Tonge la nta. Alitaka kulitupa, kidole chake kikahisi kuna mfereji. Akaligeuza. Lilikuwa na alama ya duara, kama kidole kinavyoacha alama kwenye ugali. Akachukua sahani ya mizani, akaigeuza chini juu, akaiweka nta kwenye ukingo wake. Ikaingia barabara.

Hapo ndipo alipokikumbuka kile kijistari.

Safari hii hakuiamini mizani. Akaita, "Mke wangu, lile jiwe uliliweka wapi?" Mkewe akauliza jiwe gani, akasema lile la shaba, la dukani. Wakamwaga vifungo vyote kitandani, wakapekua wote wawili, mpaka likaonekana. Akaliweka juu ya mizani, mizani ikasoma sawa. Akaweka nta. Namba ikatulia, ikawaka mbele yake, na mkewe akamwona mumewe anakaa chini polepole.

"Vipi?" akamuuliza.

"Risasi za kaka yako. Baruti imezidi."

"Zote?"

"Sijui. Sijui nta ilidondoka saa ngapi. Ziko zilizo sawa na ziko mbaya, na hata mimi niliyezijaza siwezi kukuonyesha ipi ni ipi."

"Na akipiga?"

"Pengine bunduki itastahimili."

Mkewe akaanza kuokota vifungo, kimoja kimoja, anavirudisha koponi. Halafu akasema, "Yule ndiye aliyenibeba mgongoni maji yalipojaa, tukiwa wadogo, mpaka tukavuka. Wewe unaniambia pengine."

"Unajua nikienda kumwambia itakuwaje? Walinzi wote watasikia. Nani ataniletea ganda tena?"

"Mimi maganda siyajui," mkewe akasema. "Asubuhi nimesikia tembo wameonekana ng'ambo ya mto. Leo jioni kaka anapanda dungu."

Fundi akachukua baiskeli.

Na njia ilikuwa ndefu, ndugu zangu, na kwenye baiskeli mtu ana muda wa kufikiri, na mtu aliyekosa akipata muda wa kufikiri hatungi toba, anatunga hadithi. Akapanda kilima akasema moyoni, nitamwambia nimechanganya boksi lake na la mteja mwingine. Akaona haifai, shemeji atataka kuliona hilo la mwingine. Kwenye mteremko akasema, nitamwambia nataka kuzing'arisha. Risasi? Nani anang'arisha risasi? Alipofika kwenye mbuga akawa ameipata nzuri. Nitamwambia limetoka agizo wilayani, risasi zote zikaguliwe upya. Nani atabishana na wilaya? Akakanyaga pedeli kwa nguvu mpya. Mnacheka. Mwalimu Mayunga naye anacheka, na mimi nilikuwepo siku ile alipomweleza mkaguzi wa elimu kwa nini alichelewa.

Akamkuta shemeji yake ameketi chini ya dungu, anaifuta bunduki kwa kitambaa chenye mafuta. Jua bado lilikuwa juu.

"Shemeji, karibu," yule mlinzi akasema. "Mbona jasho hivyo? Dada hajambo?"

"Hajambo, shemeji, anakusalimu. Nimekuja kuzichukua zile risasi. Kuna agizo limetoka wilayani asubuhi hii, zikaguliwe upya zote."

"Wilayani," mlinzi akasema.

"Ndiyo."

"Leo Jumamosi?"

Mlinzi akaendelea kufuta bunduki yake, hana haraka, anaupitisha mkono kwenye mtutu kwenda na kurudi. Na fundi akautazama ule mkono, akalitazama lile shavu ambalo jioni ile lingelala juu ya kitako cha bunduki. Akajisikia vibaya, vibaya sana.

"Shemeji, hakuna agizo," akasema. "Nimekosea. Nilipima na nta chini ya sahani, nta ikadondoka, baruti ikazidi. Na si kwamba sikuonyeshwa. Mizani ilinionyesha kijistari, nikakiona, nikakifuta kwa kidole kwa sababu nilikuwa najisifu kwenye simu. Usipige hata moja. Nipe boksi, na ukitaka kuwaambia wenzako, waambie."

Mlinzi akaiweka bunduki kando. Akapanda ngazi ya dungu, akashuka na lile boksi, akalitia mikononi mwa shemeji yake. Fundi akaangalia, akaona uzi mwekundu. Fundo la mkewe lilikuwa pale pale. Boksi halikuwa limefunguliwa.

"Nilikuwa nakungoja," mlinzi akasema.

"Ulijua?"

"Ningejuaje? Mimi mizani yenu hata kuiwasha siwezi. Ila risasi za fundi huwa nazilaza. Nazilaza wiki nzima kabla ya kuzigusa. Baba yangu alikuwa mlinzi, naye alikuwa anazilaza. Fundi mwenye moyo akikosea, kosa lake haliji siku ile ile. Linamjia siku nyingine, akila, akifagia. Sasa kama mimi nimeshapiga, atarudi kwa nani? Basi nampa nafasi ya kurudi."

Mlinzi akaendelea, na kwa mtu yule hayo yalikuwa maneno mengi ya mwaka mzima. "Fundi niliyekuwa naye kabla yako hakuwahi kurudi. Risasi zake zilikuwa nzuri, watu hawakuelewa kwa nini nilimwacha. Nikasema, huyu ama hakosei kamwe, ama akikosea haniambii. Na asiyekosea kamwe mimi bado sijamwona."

"Na kama nisingekuja?" fundi akauliza.

Mlinzi akaangalia jua. "Wiki inaisha leo. Likizama ningekata uzi. Nimekungoja, shemeji, lakini tembo hawaningoji mimi."

Jioni ile hawakuwa na risasi. Walipiga madebe. Wakachoma pilipili kavu kwenye kinyesi cha tembo chenyewe, moshi ukaenda na upepo, na fundi akakaa juu ya dungu na shemeji yake, macho yanamchuruzika, anapiga debe kama mtu anayefukuza shetani. Tembo wakafika ukingoni mwa shamba, wakasimama, wakarudi. Mahindi yakabaki. Kesho yake wakazifungua risasi zote, fundi akazipima upya, moja baada ya moja, jiwe la shaba likiwa mezani mbele yake, na simu kwa mkewe.

Na kuhusu wateja? Alidhani angewakosa. Mlinzi kweli aliwaambia wenzake, hakuficha neno. Aliwaambia hivi: "Mpelekeeni yule. Yule hurudi."

Sasa tumwache fundi, tuje kwetu.

Sisi nasi ni watu wenye mizani. Tunapimana kutwa nzima, na tunajua kupima. Yule haji kwenye jumuiya, huyu anaringa, fulani watoto wake hawana adabu. Namba zinatoka haraka haraka. Lakini mizani yako, ndugu yangu, uliipiga sifuri lini, na siku ile chini ya sahani kulikuwa na nini? Maana mtu akikaa na kinyongo miaka, kinyongo hakionekani tena kama kinyongo. Kimeingia kwenye hesabu. Unaamka nacho, unakuja nacho kanisani, unaimba nacho, na mizani yako inasoma sifuri safi. Unasema mimi sina neno na mtu. Huna neno na mtu, mbona kisimani ukimwona unageuza ndoo?

Na sisi hatuwezi kusema hatukuonyeshwa. Mungu si mkatili, hamwachi mtu apimie gizani. Kile kijistari kinatokea. Mtoto wako anakuuliza, mama, kwa nini hatuendi tena kwa shangazi? Hicho ni kijistari. Unasema salamu, sauti inakukwama. Ni kijistari hicho. Wewe unafanya nini? Unapitisha kidole gumba, unasema ni mkwaruzo wa kioo, unaendelea kumimina. Na kile unachojaza kwa hasira yako, anayekuja kukilaza shavuni si wewe. Ni mwanao. Ni mkeo. Ni yule binti uliyempa jina baya, ambaye keshokutwa ataolewa nalo.

Lakini sikuja leo kuwatisha, na kama mtatoka hapa mmetishika tu mtakuwa mmesikia nusu. Nimekuja kuwaambia boksi halijafunguliwa. Tulidhani Mungu ametuketia na darubini anatafuta risasi mbovu, kumbe ameketi chini ya dungu, ameziweka kando, anaangalia njia. Anajua tunakosea. Hakuna siku aliyodhani sisi ni mafundi wasiokosea. Anachongoja ni vumbi la baiskeli. Na hata ukifika na uongo ulioutunga njiani, atakuuliza taratibu, leo Jumamosi? Halafu atakungoja tena kidogo, mpaka useme lile lenyewe.

Kuna mtu, simtaji, na sitaki mgeuze shingo kumtafuta. Juzi alikuja ofisini kwangu akalalamika. Akasema, mchungaji, kwa nini mnatangaza meza ya Bwana wiki nzima kabla? Si mtutangazie asubuhi ile ile, mtu akija amekuja? Nilimjibu tu kwamba ndiyo desturi ya kanisa, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda msibani. Leo namjibu vizuri. Katibu amesoma tangazo hapa, mmelisikia wote. Meza ya Bwana ni Jumapili ijayo, si leo. Mkate haujakatwa. Wazee waliotutangulia walijua kosa halimjii mtu siku ile ile, linamjia akila, akifagia. Wakasema, walazeni watu wiki, wapeni nafasi ya kurudi.

Basi unayo wiki. Hukuombwa urudi na risasi zilizo sawa, umeombwa urudi. Nenda kwa ndugu yako umwambie nilikiona kijistari nikakifuta. Hatakufa, wala wewe hutakufa, na jioni yenu mtapiga madebe pamoja. Ila usikae ukihesabu kwamba wiki ni ndefu, kwa sababu nje ya shamba kuna vitu visivyotungoja sisi.

Nilipokuwa naingia niliziona baiskeli zenu, zimejaa pale ukutani mpaka mlangoni. Ibada ikiisha, wewe unayejijua, usielekee nyumbani kwanza. Simameni, tuombe.